Huyu Mzee na Ukingo Wake

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobana karibu na mlango kama mnaotaka kutoroka.

Najua wengine washaanza kunong'ona: huyu mzee na ukingo wake wa mto tena! Ndiyo, tena. Mwezi wa kwanza, kaskazi imekaza, nilimpeleka mwanafunzi kwenye mto Sabaki, juu kidogo ya daraja. Nikamwambia, nipimie upana wa mto. Akakunja suruali, akavuta kamba pale maji yanapoanzia hadi yanapoishia. Hatua 30. Akafunga daftari, akaanza kumenya machungwa tuliyokuja nayo ya kurusha majini kupimia mwendo.

Nikamuuliza, mchanga wote huu kauleta nani? Mto. Basi mbona hukuupima? Kimya, anatafuna.

Tukapanda mpaka ardhi inapolala sawa, watu wanapopanda mahindi. Ukingo ndio huo. Si kule juu mitini ambako takataka za gharika zimening'inia. Mafuriko kama ya 1961 huja kwa nadra. Kinachochonga mto ni maji yanayojaa mpaka kwenye mahindi, kila mwaka mmoja au miwili hivi. Tukapima upya: hatua 90.

"Mara tatu tu, mzee?" Tu? Upana huenda na kipeuo cha pili cha wingi wa maji yanayopita. Leopold na Maddock, wataalamu wa mito wa Marekani, walilionyesha tangu 1953. Ukikosea upana mara 3, maji umekosea mara 9. Kijana alikuwa ameipoteza mito minane, na machungwa juu!

Mtaniambia kuna mashine ya kupima maji. Ipo, mpaka mafuriko ya kwanza; baada ya hapo tunaitafuta ufukweni Mambrui. Halafu mto uliokufa utautilia mashine gani? Mto Tana umeacha kona zake za kale, nyingine zimekuwa maziwa yaliyojipinda, kama Shakababo. Pale hakuna mkondo wa kupima, kuna umbo. Kutoka kona moja hadi ya pili ya upande uleule, urefu huwa kama mara 10 hadi 14 ya upana. Ukikuta kijito kinapita ndani ya kona za kale zilizo kubwa mara mbili kuliko zake, jua hapo zamani yalipita maji kama mara 4. Ila uangalie udongo: mfinyanzi na mizizi hukaza kingo, mto ukabaki mwembamba, mchanga mtupu huuacha utanuke, ukakudanganya.

Nilitaka nifike sayari ya Mirihi, maana mito iliyokauka huko inapimwa hivihivi kwa picha, ila mvutano wake ni kama asilimia 38 ya wetu, kwa hiyo hesabu... Haya, mwenyekiti anatazama saa.

Wanaotaka kuona kwa macho, kesho alfajiri darajani, kabla jua halijachoma. Kamba ninayo. Njooni na makumvi ya nazi. Machungwa siyaleti tena.