Msiniulize Inabeba Farasi Wangapi
(Mhadhara kwa mafundi vijana na wenye magari, Chumbageni, Tanga)

Marahaba, marahaba. Kaeni wanangu. Walioko mlangoni waingie, feni iko huku ndani.

Nimeitwa niseme namna ya kukadiria injini iliyochezewa itahimili nguvu kiasi gani. Walionizoea nawaona wameshaanza kucheka, wanajua ninakokwenda. Chekeni tu. Jana saa nne usiku kijana mmoja kanitumia ujumbe: "Shikamoo mzee, 1NZ inabeba farasi wangapi?" Basi. 1NZ ni injini ya petroli ya Toyota ndogo kama IST, na farasi ni kipimo cha nguvu yake. Hakusema imetembea kilomita ngapi, wala kafunga nini, wala ataiendesha wapi. Ni kama kumpigia daktari simu umuulize mtu anabeba kilo ngapi. Mtu yupi? Kuli wa bandarini au bibi yako mzaa mama?

Sasa hii hapa pistoni. Naipitisha, kila mmoja aishike. Angalieni ubavuni, kati ya mfereji wa ringi ya kwanza na wa pili. Kuna kipande kimetoka, kama mtu kamega mkate. Juu haijatoboka, haijayeyuka, sketi yake nzima. Ni kale kaukuta tu ka kushikilia ringi. Hako kalitosha kuua injini.

Pistoni hiyo ilitoka kwenye IST ya kijana wa hapa hapa Ngamiani. Alinijia akiwa na tabo ya kununua mtandaoni, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, akaniuliza swali lenu lile lile. Nami, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na haraka na nilipenda kuonekana najua, nikamjibu: "Farasi 150 inabeba bila wasiwasi." Kiwandani injini ile inatoa kama 109, nikaona 150 si dhambi. Akaenda kufungiwa na kupimiwa mji mmoja wa nyanda za juu, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Fundi wa huko simtaji, maana hakukosea kunishinda. Bosti, yaani presha inayozidi hewa ya nje, nusu bar; taimingi, yaani wakati wa cheche, kaivuta mbele mpaka mwisho; daino, mashine ya kupimia farasi, ikasoma 142. Kijana akateremka nayo Tanga Ijumaa, harusi ya kaka yake. Si mnajua tunavyosemwa, waja leo waondoka leo? Injini ile ilikuja Ijumaa, ikaondoka Jumapili.

Jumapili adhuhuri alikuwa anatoka Muheza, gari watu wanne, kiyoyozi kimewashwa, akakuta foleni ya malori. Akapita moja, akapita la pili, mguu chini muda wote. Anasema alisikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Akaongeza redio. (Kicheko.) Msicheke, ndivyo alivyoniambia mwenyewe. Kufika Pongwe dipstiki imejisukuma nje, oili imetapakaa injini nzima, nyuma moshi wa buluu. Nilipochomoa plagi ya silinda ya tatu nikaona kwenye kauri yake vipunje vidogo vinang'aa, kama chenga za chumvi. Zile ni alumini za pistoni. Ukiziona hizo usiiwashe tena injini, fungua.

Kijana hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia tu, "Mzee, ulisema 150. Mimi nilikuwa na 142."

Kweli. Injini ilikufa ndani ya namba yangu.

Ilikufa kwa nini? Sikilizeni hapa, mengine mtayasoma. Ile spring ya tabo inayoachia bosti haijui presha kamili, inajua tofauti tu kati ya ndani na nje. Kule juu hewa ya nje ni kama bar 0.86. Jumlisha nusu, unapata 1.36. Huku kwetu ufukweni hewa ni bar 1.01, jumlisha nusu ile ile, 1.51. Hakuna aliyegusa kitu, lakini presha inayoingia kwenye silinda imeongezeka zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kisha kule gari lilipimwa asubuhi ya baridi, bonneti wazi, feni mbele. Huku limekula jua la adhuhuri. Kompresheni ya 1NZ, yaani hewa inabanwa mara ngapi, ni 10.5 kwa 1, injini iliyozaliwa kuvuta hewa yenyewe, haikuzaliwa kusukumiwa. Hewa ya moto ikibanwa namna hiyo, petroli haingoji moto wa cheche ufike, inalipuka yenyewe pembeni. Ndiyo misumari ndani ya kopo. Kila mlipuko huo ni nyundo juu ya kale kaukuta.

Lingine, na hili ni langu kabisa: sikumuuliza habari za ringi. Ringi ina mwanya pale ncha zake zinapokutana. Ikipata moto inarefuka, mwanya unapungua. Ukifunga tabo moto unazidi, basi mwanya wa kiwandani unaweza kwisha, ncha zikagusana, ringi ikasukuma pistoni ivunjike. Kuokoa pistoni ya milimita 75 kama hiyo, mara nyingi ni suala la kuongeza moja ya kumi ya milimita. Unene wa karatasi ya daftari!

Najua kuna mtu hapo nyuma ana jibu lake tayari: "Mbona 2JZ wanaipandisha mara mbili na inakwenda?" Ndiyo, inakwenda. Lakini 2JZ-GTE, ile ya tabo ya Toyota Supra, iliandikwa farasi 280 Japani kwa sababu watengenezaji wa kule walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, mpaka 2004. Toleo lake la Marekani liliandikwa 320. Ile 280 ilikuwa adabu, haukuwa uwezo. Bloku ya chuma cha kusubu, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya kufua, kompresheni ya chini kwa ajili ya tabo. Sasa wewe unachukua bloku ya alumini ya gari la kwendea sokoni, iliyopigiwa hesabu ya wepesi na bei, unaipa hesabu ya 2JZ. Kwa hiyo naomba anayewafundisha "ongeza nusu ya namba ya kiwandani" mniletee nimwone.

Halafu farasi wenyewe ni nini? Ni msokoto wa krenki mara mizunguko yake kwa dakika. Chukua farasi 200. Ukizipata kwenye mizunguko 7,000, krenki inasokotwa kwa Nyuton-mita 200 hivi. Ukizipata kwenye 3,500, ni 400. Daino inaandika 200 zote mbili! Lakini hii ya pili, kwenye 1NZ iliyotoka kiwandani na kama 141, ni karibu mara tatu, konrodi, hizi fimbo zinazounga pistoni na krenki, zitapinda kama mnazi wa ufukweni. Na ile ya kwanza nayo ina balaa lake: mzigo wa kuisimamisha pistoni na kuirudisha unapanda kwa mraba wa mizunguko. Toka 6,000 nenda 7,200, umeongeza asilimia 20 ya mizunguko na asilimia 44 ya mzigo kwenye bolti za konrodi. Bosti inavunja kwa kusukuma, mizunguko inavunja kwa kuvuta. Swali ni kipi kitatangulia kukatika, na kwa sababu gani.

Saa imekwenda, naona mwenyeji ananionyesha mkono. Upesi basi. Kabla ya kufunga chochote pima presha ya kompresheni ya silinda zote. Tofauti ikizidi moja ya kumi, tia kijiko cha oili pima tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Hiyo injini haina haki ya kuongezewa hata farasi mmoja. Weka geji ya presha ya oili na geji ya moto, za kweli, si taa. Panda kidogo kidogo, kila hatua chomoa plagi uzisome. Na upime huku huku Tanga, saa nane mchana, gari likiwa na mzigo, si saa kumi na mbili asubuhi. Rudisha taimingi nyuma kidogo hata kama daino inakuahidi farasi watano zaidi. Klachi, gia boksi, na breki jamani, breki! Haya, breki siku nyingine.

Nilitaka kusema na habari ya Land Cruiser, hizi injini za dizeli 1HZ zinazofungwa tabo kila kona, muda umenila. Neno moja: dizeli haikuonyi kwa misumari kama petroli, inapanda moto kimya kimya, kwa hiyo funga geji ya moto wa ekzosi upande wa kabla ya moshi kuingia kwenye tabo, si baada. Mwenye swali anione nje, ila aje na kilomita za injini yake, kompresheni yake, na aniambie anaendesha wapi. Akija na "inabeba ngapi" nitamwagizia chai, sitamjibu.

Na pistoni yangu irudi mezani. Mara ya mwisho ilibaki kwa mtu Pongwe miezi minne, nikaikuta anazuilia mlango.