Deni Halilipwi kwa Mafuriko

DADA: Kamwene, wasikilizaji wetu wa hapa Iringa na kwingineko. Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, binti yangu.

DADA: Leo naomba tulizungumze jambo lililonikaa rohoni tangu Julai 2021, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 180 nchini Ujerumani. Jirani yangu alipoisikia habari hiyo redioni alisema, "Acha yawapate, walituchomea maghala." Nami sikumjibu, kwa sababu bibi yangu alikuwa Mpangwa, na simulizi za njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji nilizisikia jikoni kwake.

MWALIMU: Simulizi hizo ni za kweli. Kati ya 1905 na 1907 jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, mashamba na maghala, Ungoni na Upangwa yakiwemo, kwa makusudi kabisa, ili njaa iwamalize watu ambao bunduki zilishindwa kuwatiisha. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikadiria vifo 75,000, na wapo wanahistoria waliofikisha 300,000.

DADA: Basi jirani yangu ana haki ya kufurahi?

MWALIMU: Ana haki ya kukasirika; ya kufurahi, hapana. Katika mji wa Sinzig maji yaliingia usiku ndani ya nyumba ya watu wenye ulemavu, wakafa 12. Niambie, ni yupi kati yao aliyechoma ghala la ulezi la kina bibi yako? Na kifo chake kimewarudishia nini?

DADA: Hakuna. Ila nikilikubali hilo, naogopa atatokea mtu wa kusema kwamba waliotenda wamekwisha kufa, kwa hiyo yameisha.

MWALIMU: Hayajaisha hata kidogo, na ndiyo maana natenganisha dhambi na deni. Dhambi ya babu hairithiwi, lakini anayerithi shamba hurithi pia deni lake. Serikali hupokezana, dola hubaki, na dola hiyo ndiyo inayodaiwa. Chukua fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nao wakalichukua fuvu lake: Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, uliipa Ujerumani miezi sita kulikabidhi, nalo lilirudi 1954. Nikiwapeleka wanafunzi makumbusho ya Kalenga, husogeza nyuso hadi pumzi zao zinatia ukungu kwenye kioo, kisha mmoja huniuliza kwa sauti ya chini kwa nini miezi sita ikawa miaka 35. Swali hilo la mtoto ni zito kuliko laana zote za jirani yako, maana lina anayepaswa kulijibu.

DADA: Novemba 1, 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kule Songea.

MWALIMU: Nami niliupokea kwa moyo mweupe. Siku hiyohiyo aliahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika Maji Maji, aliyenyongwa na Wajerumani 1906. Jirani yako akisikia tena habari za Ujerumani redioni, naomba aulizie hicho kichwa.