Chuo kimsimamie mtafiti wake: mhadhara kuhusu utafiti wa ugaidi
(Mhadhara uliotolewa Tabora mjini mbele ya wahadhiri na wanafunzi)

Waheshimiwa wahadhiri, ndugu wanafunzi, nanyi wageni mliosafiri kutoka Kigoma na Urambo, nawashukuru kwa kufika.

Somo la leo linatuhusu moja kwa moja. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zililipuliwa Dar es Salaam na Nairobi, mwaka 2002 Bunge letu likatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wasomi waliokwisha kufuatwa na wauaji hadi mabwenini wana haki kamili ya kuuliza wauaji hao wanatoka wapi, wanawapataje vijana, na fedha zao zinapitia njia gani. Ninalotaka kulijadili ni nani anayebeba dhamana pale mwanafunzi anapoambiwa aende akayatafute majibu hayo.

Mwezi Mei 2008, katika Chuo Kikuu cha Nottingham nchini Uingereza, mwanafunzi wa shahada ya uzamili alipakua mwongozo wa mafunzo wa Al-Qaeda kwa ajili ya utafiti wake, akamtumia rafiki yake, mfanyakazi wa chuo hicho hicho, amsaidie kuuchapa. Mwongozo huo ulikuwa wazi kwa kila mtu katika tovuti ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Ulipoonekana kwenye kompyuta ya yule mfanyakazi, chuo kiliita polisi, na wote wawili wakawekwa mahabusu kwa siku sita bila kufunguliwa mashtaka ya ugaidi. Mwaka 2011 polisi walimlipa mwanafunzi fidia ya pauni 20,000. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba wahadhiri wake walikuwa jirani kabisa, na swali moja kwa msimamizi wake lingetosha kueleza waraka ule ulikuwa wa kazi gani.

Mwaka 2012 umoja wa vyuo vikuu vya Uingereza ulitoa mwongozo unaoshauri kwamba utafiti wa aina hii usajiliwe mapema, nyaraka zake zihifadhiwe katika seva ya chuo badala ya kompyuta binafsi, na awepo afisa maalumu atakayeulizwa kwanza shaka inapozuka. Nauona kuwa mwongozo mzuri, ingawa hautoshi bila watumishi wanaouelewa, kwani mwaka 2015, katika Chuo Kikuu cha Staffordshire, mwanafunzi aliyekuwa akisomea masuala hayo hayo ya ugaidi alihojiwa kwa kusoma kitabu cha somo lake maktabani, na baadaye chuo kikamwomba radhi.

Upande wa pili wa dhamana hiyo ni watu wanaohojiwa. Chuo cha Boston, Marekani, kuanzia mwaka 2001 kilikusanya masimulizi ya waliokuwa wapiganaji wa vikundi vyenye silaha katika mgogoro wa Ireland Kaskazini kwa ahadi kwamba kanda zao hazitafunguliwa wakiwa hai. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza, kupitia waendesha mashtaka wa Marekani, ilizidai kanda hizo, na mahakama ikaamuru baadhi yake zikabidhiwe. Mkataba wa chuo na mkuu wa mradi ulikuwa na maneno yanayosema kwamba siri hiyo italindwa kwa kadiri tu sheria za Marekani zinavyoruhusu, lakini fomu walizotia saini wasimulizi hazikuwa na maneno hayo. Waliofungua vinywa vyao ndio ambao hawakuambiwa.

Sasa tuje kwetu. Mtafiti anayetoka hapa kwenda Kasulu au Kibondo, kwenye wilaya zenye kambi za wakimbizi ambako ulinzi ni mkali kwa sababu zinazoeleweka, hubeba barua ya utambulisho inayopita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Kila mmoja husoma kwanza mstari wa mada, na likisomeka neno ugaidi bila maelezo, kijana yule ataonekana wa kutiliwa shaka kabla hajatoa dodoso lake. Hayo ni mambo ambayo chuo kinaweza kuyatengeneza kabla basi halijaondoka: barua ieleze lengo la utafiti, itaje kibali cha utafiti, iwe na jina na simu ya msimamizi anayepatikana hata usiku, na fomu ya ridhaa imwambie mhojiwa, kwa Kiswahili anachokitumia kila siku, kwamba yapo mambo ambayo mtafiti akiyasikia, sheria inaweza kumlazimisha kuyasema.

Tusisahau pia afya ya mtafiti mwenyewe, maana anayekaa miezi akitazama picha za watu wakichinjwa anahitaji mtu wa kuzungumza naye, na kazi hiyo asiachiwe mwenzake wa chumbani.

Najua wapo wakuu wa idara ambao, wakiyasikia haya, wataona ni nafuu kuzikataa mada hizi zote. Nawaomba wasifanye hivyo. Mwanafunzi aliyekataliwa bado anaweza kuusoma mwongozo ule ule wa Al-Qaeda kwenye simu yake, peke yake, bila mhadhiri wa kumwonyesha uongo uliomo.