Madaftari mawili ya mkandaji

MDOGO: Jambo yenu wote mnaotusikiliza, hapa Lubumbashi na popote mlipo. Leo ni kazi ya masaji. Yaya wangu huyu, yaani dada yangu mkubwa, ameifanya miaka 11, chumba kimoja, mtaa wa Kamalondo hapa mjini. Yaya, tuanze na lile jambo la kanisani.

YAYA: Ee mdogo wangu, umeanza na kidonda chenyewe. Haya. Nilikuwa na mteja, mama mmoja wa kwaya. Jumapili misa imeisha, tumesimama nje, watu wanasalimiana. Mimi kwa furaha tu nikamwuliza, "Mama, ule mgongo unaendeleaje?" Wenzake wote wakageuka. Kumbe hata mume wake hakujua kwamba anakuja kwangu, na alikuwa palepale, ameshika kitabu cha nyimbo. Nikamwona mama wa watu anakunja leso yake, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

MDOGO: Lakini hukutaja ugonjwa, yaya. Ulimjulia hali tu.

YAYA: Nilitangaza kwamba ni mteja wangu. Hiyo peke yake ni siri. Kanuni yetu ya adhabu, kifungu cha 73, inasema juu ya watu wanaoaminiwa siri kwa hali yao au kwa kazi yao. Ukiitoa, ni kifungo cha mwezi 1 hadi 6 na faini, au kimojawapo. Watu hufikiria daktari na mwanasheria. Mimi singoji hakimu aniambie kama mkandaji naye yumo. Mtu amelala mbele yangu na kovu la upasuaji ambalo hata dada yake hajaliona. Nani mwingine ameaminiwa kuliko hapo?

MDOGO: Ndipo yakaja yale madaftari mawili.

YAYA: Ndipo. Kongo iliingia OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012. Sheria yake ya biashara inamruhusu mtu mdogo kama mimi, anayejifanyia kazi mwenyewe, ajitangaze kwa karani wa mahakama bila kulipa kitu. Ila kati ya yale inayomdai ni kwamba aandike siku kwa siku makuta, yaani pesa, yametoka wapi na ni kiasi gani. Sasa mimi nilikuwa naandika yote humo humo. "Mama fulani, mgongo, ana mimba changa, kalipa hivi." Hebu fikiria mtu wa kodi anakuja, analamba kidole, anafungua kurasa!

MDOGO: Mimba ya mtu iko mezani.

YAYA: Kabla mwenyewe hajamwambia mama yake. Kwa hiyo daftari la makuta siku hizi lina tarehe, "masaji, muda wa saa 1", kiasi, basi. La pili halina majina, lina namba. Humo ndimo naandika mzio wa karanga, maana mafuta yangu mengine ni ya karanga, presha, upasuaji, mimba, dawa za kuzuia damu kuganda. Linalala kwenye kasha lenye kufuli, ufunguo navaa shingoni.

MDOGO: Maswali yote hayo hayamchoshi mteja? Amekuja kupumzika.

YAYA: Ngoja nikueleze. Alikuja dereva wa lori, ametoka kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku 4 amekaa kwenye kiti. "Mama, nikandie mguu huu, umekaza." Nikamwambia apandishe suruali, miguu yote miwili. Wa kulia hauna neno. Wa kushoto, nyama ya nyuma imevimba, ngozi inang'aa, na nilipoweka mgongo wa mkono wangu nikakuta joto, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikarudisha mkono.

MDOGO: Uliogopa nini?

YAYA: Damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ukiikanda, bonge linaweza kung'oka, likapanda hadi kwenye mapafu, mtu akafa. Lakini sikumwambia "una ugonjwa huu", maana mimi si daktari wala si kine, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, na nisijiite hivyo. Nilimwambia, "Papa, mguu huu siugusi. Nenda hospitali leo, usingoje kesho." Nikamrudishia makuta yake.

MDOGO: Yote?

YAYA: Yote. Ukibakiza nusu, mkono utatafuta sababu ya kukanda kidogo.

MDOGO: Na wale wanaoomba "kitu kingine"?

YAYA: Naondoa mikono, nasema kazi imeisha, natoka nje avae. Sibishani. Bei iko ukutani, na ninachouza kimeandikwa pale pale. Mimi kinachoniumiza zaidi ni sisi wenyewe wakandaji, tunaofunua shuka bila kuuliza. Sehemu ninayokanda ndiyo iliyo wazi, kwingine kote kumefunikwa. Na umeme ukikatika, unajua hapa kwetu, kitu cha kwanza nasema kwa sauti: "Mikono yangu iko begani mwako. Naiondoa sasa. Naenda mlangoni kuchukua taa." Mtu hana nguo, ni giza, hakuoni. Lazima asikie uko wapi.

MDOGO: Yaya, hilo sijawahi kuliwaza kabisa.

YAYA: Nilifundishwa na mteja aliyelia gizani. Hakuna aliyemfanya kitu, nilikuwa natafuta kiberiti tu. Lakini yeye angejuaje?

MDOGO: Na mama wa kwaya, alirudi?

YAYA: Hakurudi. Nilienda kwake kuomba radhi. Akanipa kiti, akanipa maji, mgongo hatukuugusa. Sasa tukikutana kanisani namwamkia kama ninavyowaamkia wengine wote, halafu nangoja aseme yeye.