Gawa Mwendo, Usigawe Mzigo: Mke na Mume kwa Baiskeli kutoka Iringa hadi Arusha

Ndugu wasikilizaji, habari za jioni.

Mada ni safari ya watu wawili, mke na mume, kwa baiskeli mbili na hema moja: kutoka Iringa, kupitia Mtera, Dodoma, Kondoa na Babati, hadi Arusha. Ni kama kilomita 680, lami tupu. Kwa mwendo wa kilomita 65 kwa siku ni siku kumi na moja za kukanyaga, na muongeze mbili za kupumzika.

Kwa nini tuanzie Iringa? Kwa sababu ya upepo. Kati ya Juni na Oktoba, majira ya ukavu, upepo wa huku hutoka mashariki na kusini-mashariki, na Dodoma wanaujua vizuri. Anayetoka Arusha kwenda kusini anaupokea kifuani. Anayekwenda kaskazini anaupata ubavuni na mara nyingi mgongoni. Na kwa nini si njia kuu ya Morogoro? Njia ile inakatiza Hifadhi ya Mikumi, nayo imejaa malori. Kwa baiskeli, hapana.

Sasa mzigo. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanandoa wanaweka vitu sakafuni, wanagawa nusu kwa nusu, na wanaona wametenda haki. Mlimani haki hiyo inageuka ugomvi.

Tuchukue mfano. Wa kwanza ana kilo 75, baiskeli yake kilo 16, na miguu yake inatoa wati 150 bila kuchoka. Wa pili ana kilo 60, baiskeli kilo 15, wati 110. Yupi ni mume na yupi ni mke, msiniulize. Nyumba nyingine ni kinyume. Mzigo wote, pamoja na maji, ni kilo 40. Mkigawa 20 kwa 20, ukijumlisha mwili, baiskeli na mzigo, kila wati ya wa kwanza inavuta gramu 740, ya wa pili gramu 864. Kwenye mlima wa saa nzima, wa kwanza anafika na kumsubiri mwenzake dakika kumi. Amepoa, ameshakula karanga, na mwenzake anapofika anahema, yeye anasema "twende". Mnaona inakoelekea.

Sasa mpe wa kwanza kilo 28, wa pili 12. Wote wanabaki karibu gramu 790 kwa wati, na wanapanda bega kwa bega. Hamna kipimo cha wati? Hamkihitaji. Pandeni mlima mmoja na mizigo sawa. Anayesubiri juu anahamishiwa lita mbili za maji. Rudieni mpaka asiwepo wa kusubiri. Maji ndiyo rahisi kuhamisha, kwa kuwa lita moja ni kilo moja.

Barabarani, mwenye mwendo mdogo akae mbele, yeye ndiye dereva wa mwendo. Mwenye spana, pampu na viraka akae nyuma. Mwenye pampu akitangulia kilomita tano na simu haina mtandao, pancha ya dakika kumi inakula saa nzima. Fedha na maji ya kunywa, kila mmoja awe na yake.

Baiskeli. Faida kubwa ya kuwa wawili ni kubeba vipuri vya mtu mmoja, lakini faida hiyo ipo tu kama baiskeli zinafanana: gurudumu la saizi moja, valvu ya aina moja, cheni ya aina moja, raba za breki za aina moja. Nawashauri gurudumu la inchi 26 la baiskeli za milimani, na valvu nene kama ya gari, ambayo hata pampu ya pikipiki inaijaza.

Tahadhari na neno "inchi 28". Dukani ni neno moja, lakini kuna rimu mbili. Tairi la baiskeli zile ndefu za kubebea mkaa limeandikwa 635 ubavuni. La baiskeli nyingi za Ulaya zenye gia limeandikwa 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na halikai. La 26 la milimani ni 559. Someni namba hiyo, msisikilize inchi.

Spoku hukatika gurudumu la nyuma, upande wa friwili, yaani yale meno ya nyuma yanayovutwa na cheni. Upande huo spoku zimesimama wima zaidi na zimekazwa zaidi, na mzigo wote umekaa juu yake. Kuibadilisha lazima friwili itoke, na kifaa cha kuitoa fundi wa kijijini anaweza asiwe nacho cha aina yenu. Bebeni kifaa hicho na spoku sita za urefu kamili, mzifunge kwa utepe kwenye fremu. Bora zaidi, punguzeni mzigo wa nyuma: hema na maji viende kwenye keria ya mbele, chini. Bolti za keria ni za milimita 5, hulegea kwa mtikisiko. Zikagueni kila asubuhi, na muwe na nne za akiba.

Pancha za Dodoma ni za mbigili. Mnaosogeza baiskeli pembeni ya lami kupumzika, hapo ndipo mnapozikusanya. Inueni baiskeli, msiiburute. Mkishatoa tyubu, pitisheni kitambaa ndani ya tairi lote, maana mwiba uliobaki utatoboa tena baada ya mita mia. Pigeni msasa, pakeni solusheni, kisha subirini dakika tano mpaka isishike kidole. Kiraka kinachobanduka, mara nyingi kosa ni haraka ya mwenyewe. Upepo wa tairi pana lenye mzigo: paundi 45 hadi 50 nyuma, 40 mbele.

Mlima Nyang'oro, kati ya Iringa na Mtera, kwa njia yetu mnaushuka. Iringa iko juu ya mita 1,500, Mtera kama 700. Msishike breki mfululizo: rimu inapata moto, na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, breki zote mbili. Simameni katikati, mguse rimu. Kama hairuhusu kidole, pumzikeni dakika kumi.

Mtera ni joto, na hema lisipigwe karibu na bwawa: kuna viboko na mamba. Kwa vijiji vyote, fikeni kabla ya saa kumi na moja jioni, mwoneni mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, mwombe uwanja wa shule au wa kanisa. Anayepiga hema porini bila kuaga huamshwa usiku na sungusungu, na wako sahihi.

Maji: kati ya Mtera na Dodoma mpange lita 12 kwa wawili kwa siku, za kunywa na kupikia. Jasho likizidi, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mchana kuleni kwa mama lishe. Jioni gramu 400 za mchele zinawatosha wawili. Jiko liwe la petroli, kwani vile vitungi vidogo vya gesi vya wapanda milima hamtavipata Kondoa. Msiliwashe ndani ya hema hata mvua ikinyesha: moto wake hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Baada ya Kondoa, Kolo, yenye michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wekeni siku ya mapumziko hapo, kwani mbele yake ni milima ya Bereko, na gia ndogo kabisa itafanya kazi. Meno 22 mbele na 34 nyuma yanawapa kama kilomita tano kwa saa mkikanyaga mara 60 kwa dakika. Kumbe ni mwendo wa mguu, ndiyo, lakini mmekaa.

Babati kwenda Makuyuni kuna ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, ambapo tembo huvuka barabara. Lipiteni eneo hilo kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, msipige hema humo. Tembo akiwa barabarani, simameni mbali, mkisubiri gari. Mwombeni dereva atembee polepole nanyi mkae upande wa pili wa gari mpaka mpite.

Maswali?