Limfu ya Mguu: Kutoka Mtoki Hadi Matende

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Kaka Hamisi, mtoto akichomwa mwiba unyayoni, siku ya pili hulalamika kinena kinauma, na wazee humwambia ameota mtoki. Jeraha liko chini. Mbona uvimbe umetokea juu?

HAMISI: Kwa sababu maji ya mguu hupita hapo, Dada Zuhura. Damu inapofika katika mishipa myembamba kabisa, sehemu ya maji yake huchujika na kuingia baina ya seli, yakizipelekea lishe. Katika maji hayo, takribani lita 3 kwa siku huokotwa na mishipa mingine, na yakishaingia humo ndiyo tunayoyaita limfu. Limfu ya mguu hupitia tezi za kinena, ambamo chembe nyeupe za damu huvikagua vijidudu na kupambana navyo. Mtoki ni tezi iliyo kazini.

ZUHURA: Na ni moyo unaoyapandisha maji hayo?

HAMISI: Moyo hausukumi limfu, na hilo ndilo ninalotamani watu walijue. Kuta za mishipa yenyewe hujibana, misuli huikamua tunapotembea, pumzi huivuta, na ndani mna vali zinazoizuia kushuka tena. Hupanda hadi mfereji mkuu wa kifuani, ambao huimimina katika damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Mafuta ya chakula nayo hutoka utumboni kwa njia hiyo, kiasi kwamba baada ya mlo mnono limfu ya huko huwa nyeupe kama tui.

ZUHURA: Vali zikiharibika?

HAMISI: Hapo ndipo matende yanapoanza. Mbu huleta mabuu ya minyoo waitwao Wuchereria bancrofti, wembamba kama uzi, ambao wakikomaa huishi ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka 6 hadi 8 hivi. Mishipa hutanuka, vali hazikutani tena, na maji hutuama mguuni. Kwa wanaume huweza pia kujaa kwenye mfuko unaoizunguka korodani, likawa busha. Kisha bakteria huingia kupitia nyufa za vidole, na kila homa inayofuata huzidi kuiharibu mishipa na kuifanya ngozi kuwa nene.

ZUHURA: Tanzania ilianza kugawa dawa za matende, ivermectini na albendazoli, kisiwani Mafia mwaka 2000. Aliyekwisha kuvimba anafaidika nini na dawa hizo?

HAMISI: Dawa huua mabuu ambayo minyoo waliokomaa huyazaa na kuyaachia katika damu, ili mbu asiyachukue na kumpelekea jirani, lakini hazirudishi vali zilizoharibika. Busha hutibiwa kwa upasuaji. Kwa mguu, tiba iko nyumbani, na inaniuma sana kuona mgonjwa akifichwa chumbani kana kwamba amerogwa, ilhali anachohitaji ni maji safi, sabuni na mtu wa kumsaidia. Auoshe mguu kila siku, aukaushe taratibu hadi katikati ya vidole, na apake dawa penye ufa. Kifundo akizungushe mara kwa mara, kwa kuwa misuli ndiyo pampu iliyobaki. Akiketi, auinue mguu juu ya kigoda. Akilala, auwekee mto.