Jinsi ya kupanda ghorofa zote 5 kwenye Kung-Fu Master

Mambo vipi wazee, leo tuko na gemu ya Kung-Fu Master ya kampuni ya Irem, ya mwaka 1984, ile ya mashine za kutumbukiza sarafu. Wewe ni Thomas, demu wako Sylvia katekwa na Mr. X, yuko juu kule ghorofa ya 5. Joistiki moja na batani mbili, moja ngumi moja teke, kuruka unasukuma joistiki juu, kuchuchumaa unavuta chini. Basi, ndo hivyo tu.

Tuanze ghorofa ya 1, unaelekea kushoto, usishangae. Hawa jamaa wanaokuja mikono juu hawakupigi, wanakukumbatia, na kila sekunde waliyokushika enaji inashuka, sasa wakikudaka tikisa joistiki kushoto kulia haraka haraka mpaka waachie. Ila dawa yao ni kutowasubiri. Ona hapa, mmoja yuko mbele mwingine anakuja nyuma, nampiga wa mbele teke, nageuka hapohapo, wa nyuma naye teke. Teke linafika mbali, ngumi ni fupi lakini inalipa pointi nyingi, kwahiyo ukishazoea umbali hamia kwenye ngumi.

Huyu wa visu ndo msumbufu. Kisu kikija juu chuchumaa, kikija chini ruka, halafu msogelee umtandike mara mbili, moja haimtoshi. Ukimkimbia anakufuata anarusha tu huku wale wengine wanakubana.

Bosi wa kwanza ana fimbo. Watu wengi wanasimama mbali wanachapwa, we ingia karibu kabisa, chuchumaa, mateke ya chini mfululizo, umemaliza.

Ghorofa ya 2 unageuza, unaenda kulia, vyungu vinadondoka vinatoa nyoka. Nyoka ruka tu, usibishane nao. Bosi ana bumarengi, ile silaha ya kurusha, ikipita usijisahau maana inarudi. Ghorofa ya 3 kuna wale wafupi, ukichuchumaa wanaweza kukurukia kichwani, na bosi wake ni jitu la miraba minne, usikae mbele yake mkabadilishana ngumi, utaisha wewe.

Ya 4 ukishapita wale wadudu nondo unakutana na mchawi, na hapa nataka mtulie kidogo. Ukimpiga juu kichwa kinadondoka, we unashangilia, kumbe kinaota kingine! Chuchumaa, ngumi za chini tu, karibu naye, usimpe nafasi ya kurusha moto wake.

Mr. X ni fundi kweli wa kukinga mapigo. Juu, chini, juu, usirudie pigo lilelile mara tatu, na chungulia taimu pale juu maana ikiisha laifu imeondoka hata kama enaji imejaa. Akianguka Sylvia anafunguliwa, gemu inarudi mwanzo, safari hii ngumu zaidi na pointi zako unaendelea nazo.